Mji wa Silvanus

Kila aliyelelewa kwa vitendawili anaijua sheria: ukishindwa kujibu, unatoa mji. Mtegaji anauchukua, anautembelea kwa maneno, anakula na kunywa vya huko, ndipo anakupa jibu. Genoveva alikuwa amempa mwanawe Silvanus miji yote aliyoijua, tangu Moshi mpaka Bukoba, mtoto hata meno ya utoto hayajamtoka.

Mji mmoja tu alimnyima. Mwaka 2005, jikoni kwao huko ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, Silvanus alimwambia kwamba anampenda mwanamume mwenzake. Genoveva alishika rozari kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akafungua mlango. Kijana akatoka na begi lake. Miaka sita sasa. Jumuiyani mama alisema mwanawe yuko mji wa mbali, Calgary, kazini kwenye visima vya mafuta.

Basi akatokea Kanizfatema, binti aliyezaliwa Dar, akawa anapita kwenye kumbi za majengo na filamu yake. Ndani yake Waislamu na Wakristo walieleza dini yao, na walivyoishi na watoto wao wanaopenda wa jinsia yao. Filamu ikiisha, watu wanakunywa chai na kuzungumza. Genoveva alipika hiyo chai. "Mimi ni wa birika tu," alisema.

Mmoja kwenye filamu alificha uso. Kivuli kitupu, kimeketi kitini mbele ya dirisha. Siku ya kwanza, ukumbini Richmond Hill, kilisema: "Kitendawili. Nimemtoa nje, bado anakula nami." Kimya. "Haya, nipeni mji." Kimya tena. Genoveva aliitazama ile shingo iliyopinda kidogo kushoto, akainamia vikombe vyake.

Siku ya pili, ukumbini Parkdale, kimya kilirefuka mpaka chai ikapoa. Na kiti cha kivuli kilikuwa kimesogea mbele.

"Mwanangu," Genoveva akamuuliza Kanizfatema, "yule wa kivuli ananyamaza muda gani?"

"Sekunde nne, mama. Nimeikata mwenyewe."

"Na kiti chake?"

"Kiti kina nini?"

Genoveva akarudi kwenye birika lake.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya misa, theluji inaanguka, ukumbi wa chini wa jengo lake mwenyewe. Mstari wa mbele aliketi Dorotea, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya.

"Mama Silva, chai ina sukari lakini?"

"Yako nimetia vijiko vinne, labda ulimi utalainika."

Wakacheka. Taa zikazimwa.

"Haya, nipeni mji."

Kivuli kilikuwa kimejaa ukuta mzima. Sekunde nne zikapita, zikapita nyingine, na nyingine. Safari hii kila mtu aliona. Kanizfatema alibonyeza kompyuta, picha haikumsikia. Kile kivuli kilingoja, kichwa kimepinda kushoto, kama mtoto anayejua kwamba mama anajifanya hajui.

Genoveva alijua: akijibu, Calgary imekufa leo, na kufika kesho jumuiya nzima itakuwa imeizika. Akinyamaza, mwanawe ataketi pale ukutani hata milele.

"Nakupa!" Alilitua birika. "Nakupa Thorncliffe Park. Jengo hili, ghorofa ya tisa, mlango ule ule niliokutolea. Chukua mji wako, Silvanus."

Dorotea akageuka. "Silvanus? Si yuko Calgary?"

"Hajawahi kufika Calgary, dada. Nilimfukuza."

Kivuli kikainua kichwa. "Nilifika mji huo," kikasema polepole, "nikapewa wali, nikapewa maziwa. Jibu ni mwana." Kikasimama, kikatoka kwenye picha. Kiti kikabaki kitupu.

"Hiyo haimo kwenye filamu," Kanizfatema alinong'ona. "Mama, wallahi hiyo haimo."

Genoveva alikuwa keshafika kwenye lifti. Dorotea alimfuata mpaka mlangoni mwa ukumbi, akasimama hapo na kikombe chake.

Ghorofa ya tisa korido ilikuwa tupu. Mbele ya mlango wake palikuwa na jozi ya viatu vikubwa vya kiume, theluji juu yake inaanza kuyeyuka. Akainama, akagusa yale maji. Baridi, maji ya kweli. Kivuli hakilowanishi sakafu. Kitasa hakuwahi kukibadilisha miaka yote sita, na ndani mtu alikuwa akifunua vifuniko vya sufuria, kimoja kimoja, kama zamani.

Ufunguo alikuwa nao. Hakuutumia.

"Hodi," akasema mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

Vifuniko vikanyamaza.

"Karibu, mama."