Uzi wa Pili

…pita hapo, pita, tundu unaliona halafu unajifanya kipofu, sindano ya kushonea magunia hii, imepenya katani, imepenya turubai, ije ishindwe na pazia la mikunjo, haishindwi, ni mkunjo mmoja tu umesogea, nikiusukuma kwa ukucha hivi… haya, umepita, nilisema nini, kitu hakina ukaidi, kitu kina sababu, mkaidi ni binadamu, na binadamu mwenyewe, mume wangu, kaketi hapo nje chini ya dirisha kwenye kiti chake cha turubai, kofia imeshuka machoni, redio mapajani, anasema nini sasa, "…usijisumbue, bibie, mdogo wangu atayatengeneza mwenyewe…" nani, shemeji, yule ambaye balbu ikiungua kwake wanakula gizani mpaka apite mgeni mrefu, huyo ndiye wa kutengeneza mapazia ya gari letu Kobe, ngoja nicheke kimoyomoyo nisije nikajichoma. Tundu jingine. Uzi unafuata, mwembamba, mweupe, imara, nimeuchoma ncha kwa kiberiti ukawa mgumu kama kijiti, hilo nililigundua mwenyewe, sikufundishwa na mtu, jua linaingia bila hodi kwa sababu dirisha liko uchi, linanipiga shingoni, linapiga kitanda chote cha nyuma, na ndiyo maana yeye halali humu tena, tangu augue mwanga wa mchana unamchoma macho, pazia la dirisha hili likishuka alikuwa anapata usingizi wake wa adhuhuri, likaharibika, akakosa, akaanza kulinung'unikia gari, gari limechoka, leo pazia, kesho paa, tumpe mdogo wangu ana watoto wadogo watalifurahia… tumpe, kama anatoa sufuria. Kobe. Gari lenye kitanda nyuma na jiko ubavuni, linalotembea polepole na nyumba yake mgongoni, tumelala nalo kando ya mito na kwenye viwanja vya shule na siku moja nyuma ya kituo cha polisi kwa kukosea njia, na leo kabla jua halijafika utosini shemeji atakuja na rafiki yake dereva, atapewa funguo, ataondoka nalo, na mimi nilipoulizwa nilisema sawa, kwa mdomo, moyoni nilisema tutaona. Sitaki liondoke. Nimesema natengeneza pazia lisiende kwa watu likiwa na chongo, aibu yetu, akaamini, wanaume huamini ukitaja aibu, lakini mimi hesabu yangu nyingine kabisa, sababu yake ni pazia, basi pazia likipanda na kushuka kama zamani, nitamwambia ingia ujaribu, atalala, mtu aliyelala vizuri ndani ya gari lake haamki akampa mtu funguo, kwisha maneno, shemeji atakunywa chai atarudi alikotoka.

Tundu la mwisho, nalo limepita, mnaona, eti kidole kimoja hakivunji chawa, mimi nimevunja wengi kwa kidole kimoja, nimeongoza jiko la shule ya bweni, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, siku wapishi wote walipougua niliwasha moto mwenyewe na kengele ilipolia chakula kilikuwa mezani, pazia ni nini mbele yangu… "Kumekucha huko?" ananitania, namjibu bado, anacheka, kicheko chake kimerudi, nusu yake, upande wa kulia wa mdomo bado unachelewa. Sasa reli ya juu, hii ya bati jepesi, humo ndani katikati kuna springi moja ndogo, na nyuzi zote mbili zinafungwa hapo hapo, wa kushoto na wa kulia, zinashuka kupitia matundu ya mikunjo, zinatokea chini, zinakazwa ukutani, ndiyo maana pazia hukaa pale unapoliacha, ni mvutano tu, nyuzi mbili springi moja, na kosa la watu wengi ni kubadilisha ule uliokatika peke yake wakauacha mwenzake mzee, nitabadilisha zote mbili, wa kushoto huu ndio nimemaliza kuupitisha, wa kulia nikifungua hapa naukata naweka mpya, hata yeye alinifundisha hivyo kwenye matairi ya lori lake la maziwa, bibie tairi hazibadilishwi moja, mbili mbili, la sivyo gari linavuta upande. Bisibisi iko wapi, nimeikalia, haya, skrubu ya kwanza, imelegea, mbona imelegea, hii haijafunguliwa tangu kiwandani ilipaswa kulia kama paka, ya pili nayo imelegea, na kichwa chake kimechubuka, mtu ameikwaruza kwaruza, bisibisi imeteleza, imeteleza tena, imeteleza mara nyingi, mtu gani asiyejua kushika bisibisi… mfuniko huo umetoka, springi hiyo hapo, uzi wa kulia… mweupe. Huu si wa zamani. Wa zamani ulishakuwa rangi ya chai kwa jua, huu mweupe kama wangu, ni wangu, ni uzi wa kibunda changu, kibunda kile nilichokikuta kimepungua nikaenda kumgombeza muuza duka mbele ya wateja wake, maskini, akaniapia, na fundo… fundo hili nalijua. Fundo la turubai, fundo la madereva, mzunguko, kitanzi, mkia unapita chini ya shingo yake, kwa miaka yote alikuwa akifungia mizigo hivi, hata viatu vya watoto, hata mfuko wa sukari, nikimwambia huu ni mfuko jamani si trela, fundo lake, lakini limegeuka, kitanzi kimelalia upande mwingine, kama unalitazama kwenye kioo. Limefungwa kwa mkono wa kushoto. Na mkia wa uzi umetafunwa. Ameuvuta kwa meno.

"…mbona kimya?" nakaza skrubu, nasema, na sikazi chochote, nimeshika reli tu, redio inaongea habari za mvua, ngoja, ngoja kwanza, mkono wa kulia haumtii tangu ile asubuhi alipoangusha kikombe akakitazama kama ni cha mtu mwingine, basi fundo hili ni la baada ya hapo, na mimi humu sitoki bila yeye wala yeye bila mimi, isipokuwa ile siku ya jino, ndiyo, ile siku nilipokwenda kung'olewa jino nikakaa kwenye foleni mpaka shavu likawa kama nimeficha limau, nikarudi nikamkuta amelowa jasho, kaketi hapa hapa kitandani, amevaa miwani yake ya kusomea bila cha kusoma, mdomo una kidonda kidogo, nikamuuliza umejing'ata, akasema mkate mgumu, na pazia lililokuwa limelegea upande mmoja tu sasa limeanguka lote, nikafoka, na jino langu hilo, nani kavuta pazia hili, akasema upepo. Upepo. Dirisha limefungwa. Na mimi nikaacha lipite kwa sababu taya lilikuwa linaniuma. Kwa hiyo alifungua skrubu hizi kwa mkono mmoja, akapitisha uzi kwa mkono mmoja kwenye matundu haya yote ambayo mimi mwenye miwili nimeyatukana tangu asubuhi, akafunga, akakaza kwa meno, na akajua na wa pili unahitaji kubadilishwa, asingejuaje yeye, mtu wa mbili mbili, ila mkono ulikuwa umechoka, au alisikia hatua zangu mlangoni, uzi wake mpya ukauvuta ule mzee ukaukata, pwa, lote chini, mbele ya macho yake. Na jioni ile ile, supu ikiwa bado mezani, ndipo aliposema tumpe mdogo wangu. Mimi nikadhani amelichoka gari. Hakulichoka gari. Mtu hang'ang'ani hivi kwa kitu alichokichoka, alilipenda mpaka akalitafuna, alichochoka ni… mimi namkatia nyama kabla hajaomba. Namfunga vifungo vya shati, chap chap, nimemaliza kabla hajainua mkono. Akifikia kikombe kimeshafika mdomoni. Watu wananisifu, huyo ndiye mke, na kweli ndiye, sikatai, siku zile za mwanzo bila mimi angelala na njaa, lakini siku zile zimepita na mimi nimeendelea kama jiko la shule, moto hauzimwi, nyuzi mbili springi moja, mmoja akivuta sana mwenzake… basi, nisijigeuze mshairi hapa na kazi haijaisha. Inauma lakini. Niseme wazi, inauma, kuliko jino.

Anasema nini, simu imelia, anaongea na mdogo wake, "…umefika wapi… kwenye kona ya kinyozi… haya, njoo tu, shemeji yako anamalizia," kona ya kinyozi, kumbe wamekaribia, na dereva wake, na pengine wamebeba watoto waje washangilie, sawa, waje, chai ipo na mkate upo, watakaa chini, watakunywa, nitamwambia mwenyewe, shemeji, kaka yako alikupa kitu ambacho hakuwa amemaliza nacho, usikasirike, ukija na balbu nitakufungia bure, atacheka, yeye hana neno, tatizo halijawahi kuwa yeye. Tatizo ni huyu wa kiti cha turubai. Huyu nikimwambia lala, pazia tayari, atalitazama, atasema ahsante bibie, umeweza, na atampa mdogo wake funguo vile vile, kwa mkono ule ule ulioshindwa, sasa naona, hesabu yangu ya asubuhi ilikuwa mbovu, pazia zima nililolitengeneza peke yangu ndilo litakalolitoa gari nje ya uwanja huu, kwa mwendo wa haraka zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nimemwambia maneno hayo mwaka mzima, huku nimemnyang'anya nyundo. Basi, kazi. Uzi wangu huu sasa unafika kwenye springi, lazima springi ivutwe na ishikiliwe ikiwa imevutika, halafu ndipo ufunge, mkono wa kuvuta, mkono wa kushika, mkono wa kufunga, mikono mitatu, na mimi ninayo miwili na akili, kwenye mfuko wa aproni nina kibanio cha nguo, nikibana springi kwa kibanio inakaa, nafunga, nimemaliza kabla wao hawajakunja kona, kibanio hiki hapa, kimenyooka, kinabana vizuri, kitafanya kazi hii bila shida yoyote… na wa kulia siukati. Hilo kwanza. Fundo lake ni zima, limegeuka tu, halijalegea hata kidogo, nimelivuta mara mbili, hata mimi nisingelikaza zaidi, uzi mpya kwa uzi mpya, kibunda kimoja, zitavutana sawa. Kibanio, rudi mfukoni. Nasema kwa sauti, na sauti inatoka ya ajabu, kavu, sijawahi kuisikia kinywani mwangu, "Mzee, njoo unishikie huku, nimeshindwa," redio bado inazungumzia mvua, "Umeshindwa wewe?" nimeshindwa, "Umeshindwa nini?" springi, inanikimbia, nahitaji mtu wa kuishika nikifunga, namjua, anautazama mkono wake wa kulia hapo mapajani, anautazama kama anavyoutazama kila siku akidhani sioni, na mbali kule nasikia honi, wamefika kona, "Bibie," anasema polepole, "nikushikie kwa mkono upi?" na mimi nimevuta springi, sindano iko kwenye meno, nasema kupitia hiyo sindano, ule uliofunga fundo hili la kulia, mzee, huo huo, ni fundo zuri. Redio ikazimwa. Kiti cha turubai kikalia. Sikutazama dirishani, mtu akipanda ngazi hatazamwi, nilishika tu springi pale pale ilipokuwa, nikangoja, mpaka gari likainama kidogo upande wa mlango.