Chupa za Javeli

Kila Ijumaa nilipanda gari la kazi kutoka Kolwezi hadi ziwa la Nzilo, nikachota maji pale watu wanapoogelea, nikayapeleka maabara. Jumapili asubuhi, yakionekana hayana vijidudu, nilitia sahihi karatasi na kuibandika kwenye mlango wa kantini ya pale ufuoni. Basi la familia za wafanyakazi likifika, baba mmoja aliisoma, watoto wakaruka majini. Karatasi sita mfululizo zilisema maji ni safi, na kila moja ilikuwa na jina langu: Mukalay.

Juma la saba Mama Ngalula, anayeuza vitumbua pale ufuoni, alinifuata hadi majini.

"We Mukalay, kila Jumatatu batoto ba hapa banahara. Karatasi yako inaona nini?"

"Mama, uzisha bitumbua. Mayi uniachie mi."

"Mi sikusoma. Lakini pua niko nayo." Akaninyang'anya chupa, akaifungua, akanusa. "Ee! Unachota mayi ao unafua mashuka?"

Nilikasirika, nikainusa mwenyewe. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nilipoanza kazi, Tata Mulumba, mkuu wa maabara, alisema mbele ya wenzangu kwamba chupa zangu zina madoa. Neno lile lilinichoma. Tangu siku hiyo, baada ya kuzichemsha kama alivyoagiza, nilizisuuza kwa javeli ili zing'ae kuliko za wote. Matone yaliyobaki ndani yaliua vijidudu njiani, kabla havijamfikia Mulumba. Kumbe wiki sita nilikuwa nikipima javeli.

Nikaisuuza chupa mara kumi, nikaichemsha kwenye moto wa Mama Ngalula, nikachota upya. Jioni, mbele ya wenzangu wale wale, nikamweleza Tata Mulumba yote. Akatazama saa yake.

"Umechelewa. Majibu Jumapili saa sita. Basi linafika saa tatu."

"Nitafika pale kabla yake, Tata."

Jumapili nilichana karatasi ya zamani, nikabandika nyingine: MUSIINGIE. KARATASI ZANGU SITA HAZIFAI. NILIHARIBU CHUPA KWA JAVELI. MUKALAY.

Tata Kyungu, mwenye kantini, alitoka mbio. "We Mukalay, toa hii kintu! Bantu bakisoma hii, nani atakunywa kwangu?"

"Unitoe mi kwanza."

Basi likafika. Mwanamume mmoja mwenye taulo shingoni akasoma kwa sauti, akacheka hadi akainama. "Kumbe boyi wa kufua ndiye anatulindia mayi!"

Wote wakacheka. Nilikuwa na jibu kali mdomoni, nikalimeza. Nikarudi nyuma hadi maji yakanifika magotini, nikatandaza mikono.

"Mucheke, Tata. Lakini mutoto wenu hapiti hapa."

Akanikaribia. Nyuma yake mkewe, Mama Ndaya, akamshika mtoto wao mkono. "Huyu alihara juma yote. Mi sitamwingiza." Mama mwingine akamwita wake, kisha mwingine.

Saa sita Tata Mulumba alishuka garini na sahani ya kioo iliyojaa vidoa vya njano, kila kimoja kundi la vijidudu vya kinyesi. "Nilihesabu mia tatu, nikaacha," alisema. Akamgeukia Kyungu. "Choo yako iko wapi?"

Kyungu akaonyesha mteremko nyuma ya kantini, unaoshuka moja kwa moja ziwani.

Nikatoka majini, nikamwomba Kyungu jembe la kuchimba choo kingine mbali na maji.