Kitanda cha Ada ya Subira

Samadari ya Mahfoudha iliingia mtaa wa Ziwa la Ng'ombe juu ya mkokoteni, asubuhi ya Jumamosi, na Bi Subira amekaa juu yake, mto wake mapajani. Wachukuzi walidai nyongeza kwa ajili ya uzito wake. Abdulhakim, bwana harusi mwenyewe, akawapa.

Kitanda kilikuwa cha mkopo: elfu sitini, asilimia mbili kwa mwezi, haipandi haishuki, na malipo ya elfu moja na mia nane kila mwezi. Sasa Abdulhakim, muuza viungo sokoni Kongowea, ni mtu wa msikitini, na riba hailambi hata kwa ncha ya ulimi. Lakini kampuni ya mkopo nayo haikuajiri wajinga. Katika mkataba hapakuwa na riba popote, palikuwa na ada ya subira. Akasoma, akasema alhamdulillahi, akatia sahihi. Basi Subira mwenyewe akaja.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu zake na harufu ya udi. "Njooni mlale, wanangu," aliwaambia usiku wa kwanza, naye keshajilaza katikati. Kitanda kilikuwa na upana wa shubiri sita. Bi Subira alichukua nne. Maharusi wakapata moja upande huu, moja upande ule, wakamwamkia shikamoo, wakazima taa.

Mahfoudha hukanda mahamri ya kuuza kila alfajiri, na huku akikanda akapiga hesabu. Mbili kwa mia ya elfu sitini ni elfu moja na mia mbili. Hiyo ya Bi Subira. Mia sita zinazobaki ndizo zinazopunguza deni. Theluthi mbili za malipo, theluthi mbili za kitanda. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na ndiyo iliyomchoma roho. Mwezi wa pili deni lilikuwa elfu hamsini na tisa na mia nne, fungu la Bi Subira likashuka kwa shilingi kumi na mbili, naye akapungua upana wa ukucha.

"Utakonda mpaka lini, Bi Subira?" Mahfoudha alimuuliza.

"Miaka minne na ushee, mwanangu. Mwanzoni napungua polepole. Mwishoni utaniona navyokwisha."

Lakini Mahfoudha hakuwa na miaka minne. Mama mkwe wake, Bi Mwanarehema, alikuja kila Ijumaa kumtazama tumbo. "Kitanda chote kile, na bado?" husema, akimpita Bi Subira kwa salamu njema. "Mwaka ukitimia bila mimba, wallahi namuoza mwanangu mke mwingine." Na Abdulhakim, masikini, huinamisha kichwa. Kulala chini hawakuthubutu, maana wanaolala chini ni wafiwa, na majirani wana macho.

Mwezi wa saba Mahfoudha alifunga bangili zake za dhahabu kwenye leso, pamoja na akiba ya mahamri, akaenda ofisini kulimaliza deni lote.

"Hongera, mama," akasema karani, msichana mpole aitwaye Purity. "Ukilipa mapema, unalipa deni lililobaki, pamoja na ada ya subira ya miezi yote iliyobaki."

"Nalipia subira ya nini, nami sisubiri tena?"

"Mkataba ni wa subira, mama. Subira haikatizwi."

"Na yeye ataondoka?"

"Mkimaliza kumlipa, kwa nini akae?"

Bangili zisingefika huko. Mahfoudha alirudi nyumbani amefura kama andazi. Usiku ule hakumwamkia mtu. Alichukua mkeka, akautandika jikoni kati ya jiko la makaa na mbuzi ya kukunia nazi, akamwita mumewe. Majirani na waseme! Abdulhakim alikuja mbio, akajikwaa kwenye sufuria. Bi Subira akawaomba, kwa upole wake, wapunguze kelele. Kisha akajinyoosha kitanda kizima, na ile nafasi yao, shubiri mbili na ushee, akailalia bure. Malipo ya mwezi ule yalikwenda kwa tarehe yake, na yaliyofuata pia.

Mimba ilipoonekana, Bi Mwanarehema alipiga vigelegele mpaka Bi Subira akaamka. Mama mkwe akakipapasa kitanda kama ng'ombe wa maziwa.

"Si nilisema mimi! Samadari hii ina baraka zake. Na binti yangu Lamis, akiolewa baada ya Idi, tumeshamwandikishia yake, kampuni hiyo hiyo."

"Nitamtuma mdogo wangu," akasema Bi Subira. "Mnene kidogo, lakini ana tabia nzuri."

Mahfoudha aliweka mkono tumboni. "Mwambieni Lamis," akasema, "atafute nyumba yenye jiko pana."

Bi Mwanarehema akafurahi sana. Siku hizi ni nadra kupata mkaza mwana anayejali mapishi.