Ndugu wa Jahe

...na simu inatetemeka tena mezani, kando ya sahani ya tempe, ile soya ya kukaanga, iliyopoa, ni Kinanti, nani mwingine hupiga saa sita ya Jumamosi akitoka darasani huko Surabaya, na Sulastri mama yake amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo, hathubutu kunyoosha mkono, kwa sababu mkia wa Jahe umelala peke yake mchangani na Jahe mwenyewe kajibanza ndani ya kifuu cha nazi, madoa yake ya chui yamefifia, anahema, au hahemi, hebu tazama ubavu, anahema... mjusi wa binti yake, aliyeachiwa kama mtu anavyoachiwa mtoto mchanga, na pale stendi ya basi Kinanti alisema mara mbili, mama, huyu hukaa peke yake, usimwekee mwenzake hata kwa huruma, naye akajibu nimesikia, nimesikia, kumbe limeishia sikioni, maana jana Darmaji mumewe kashuka darini na tokek, lile jijusi la paani lenye domo kama koleo, anacheka, mjusi na mjusi ni ndugu, mama Kinanti, waache wapige soga... sasa ndugu yumo ndooni, kafunikwa kikaango, anakwaruza, anakwaruza, na mkia utaota tena, wanasema, ila mfupi, mnene, si ule... "Pokea basi," Darmaji anasema kutoka jikoni, "mwambie mjusi amelala." Amelala, ndivyo walivyomwambia mwaka juzi wakati wa mitihani, bibi amelala, usimsumbue, na bibi ana siku ya tatu kaburini, mtoto akaja akakaa kibarazani, begi mgongoni, hakulia, akasema tu, mama, mngeniacha nimlilie pamoja nanyi... simu imenyamaza, afadhali, hapana, si afadhali, inaanza tena. "Mama Kinanti, unasikia?" Anasikia. Darmaji alimleta, kweli, lakini mikono yake ilikuwa imejaa tokek, nani alifungua kifuniko, ni mimi, nilimwonea huruma kwa upweke wake, au nilijionea mwenyewe, nyumba hii tangu uondoke... hilo hapana, hilo lisije likamfunga mtoto, hilo ni langu nitalala nalo, la mjusi ni lake, alisikie lote, akasirike, akate simu akitaka... na simu inatetemeka, inasogea kidogo kidogo kwenye ukingo wa meza, Sulastri bado yuko magotini, lakini maneno keshayapanga, na la kwanza ni jina la mwanawe.