Sala Ndani ya Sufuria

Jumatatu ya pili ya Agosti, Nakhumicha alirudi kutoka kiwanda cha nguo kule Ruiru, akawasha gesi, akafunua sufuria ili atie maji ya ugali. Ndani ya sufuria mlikuwa na sauti ya binti yake.

"Baba Mungu, ni mimi Maxine wa Mugutha," ilisema. "Asante kwa githeri tuliyokula. Leo tumefundishwa unaweza kuambiwa kitu yoyote. Amina."

Nakhumicha alingoja amina iishe, ndipo akatia maji. Maxine, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa ameondoka asubuhi ile na watoto wa kanisa kwenda kambi ya wiki moja huko Ngoliba. Kila jioni Ticha Waithira wa Sunday school huwapigisha magoti kwenye uwanja mkavu, kila mtoto peke yake, amwombee mtu mmoja wa nyumbani kwa sauti. Waithira haamini maombi ya kimoyomoyo. Husema huko ni kunong'onezana na shetani.

Nakhumicha alimgongea jirani yake, Warigia, kumuuliza kama vyombo vya ploti yao ya nyumba za kupanga vina shida.

"Yangu inatokea kwa thermos," Warigia alisema, akiendelea kuosha nyanya. "Eddie wangu anaombea hii goti. Wewe sikiza tu, Mama Maxine. Wiki itaisha."

Jumanne sufuria iliombea mgongo wa Nakhumicha. Jumatano ilikawia kidogo kabla ya kuanza.

"Mungu, mama huniuliza tu kama nimekula. Naomba siku moja aniulize kitu ingine, na nikianza kumjibu asilale. Niko na stori nyingi. Zingine ni za mwaka jana."

Ilimuuma, tusidanganyane. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa kumi na moja jioni, na mwezi huo wa oda kubwa hata Jumapili haikupona. Akisimama alikuwa mzima. Akikaa tu, usingizi ulimbeba hata kijiko kikiwa mdomoni. Babake Maxine alirudi Webuye kitambo, na hakukuwa na sikio lingine nyumbani.

Alhamisi alimwendea Makau, msimamizi wa laini yake ya kushona, akaomba ruhusa ya Jumamosi mchana. Siku ya kufunga kambi wazazi hukaa kwenye mabenchi, kila mtoto akamshika wake mikono na kumwambia yote aliyomwambia Mungu wiki nzima. Hiyo ndiyo kambi yenyewe. Mengine ni githeri na kuimba. Alimweleza Makau na habari za sufuria, asimfiche kitu.

"Hata ya bibi yangu inaomba," Makau alisema. "Kila Agosti ni hivyo. Lakini hii oda inatoka Jumamosi, mama." Akamwonyesha tangazo lililobandikwa kando ya mlango wa choo: vyombo vinavyoomba si sababu ya kukosa kazi. Lilikuwa na mhuri, na karatasi yake ilikuwa imeshageuka manjano.

Kwa hiyo Warigia ndiye aliyekwenda Ngoliba, na kwenye benchi akampa Eddie mkono mmoja na Maxine mwingine. Eddie alisema yake yote, mengi yakiwa ya goti. Maxine aliushika ule mkono na kunyamaza, kwa sababu maneno yake hayakuwa ya jirani. Waithira alisubiri, kisha akapita kwa mtoto mwingine. Njiani Warigia, ambaye mdomo wake hauna kufuli, alimweleza Maxine kuhusu sufuria.

Jioni hiyo Nakhumicha aliingia na swali alilokuwa amelifanyia mazoezi kwenye cherehani siku nzima. Alikaa kitandani akamshika binti yake mikono yote miwili.

"Niambie. Huko kambi, ni nini ilikufurahisha sana?"

Maxine alimtazama kidogo. "Kulikuwa na msichana wa huko anaitwa Kui," alianza. "Sasa huyo Kui..."

Kidevu cha mama kilikuwa kimeshafika kifuani. Maxine alitoa mikono yake polepole, akamvua viatu, akamfunika blanketi.

Jumatatu, Nakhumicha akiwa amesimama penye gesi, Maxine alifunua sufuria mwenyewe, akaweka kifuniko mezani, akatoka nje na kufunga mlango. Alipiga magoti barazani kando ya beseni. "Mungu, mama aliniuliza," sufuria ilisema. "Aliniuliza vizuri. Nilikuwa nimefika tu kwa Kui." Kisha ikamaliza habari za Kui. Nakhumicha alipunguza moto ili maji yasichemke kwa kelele.

Septemba shule zilifunguliwa, na oda nyingine ikaingia. Thermos ya Warigia ilinyamaza, na vyombo vingine vya ploti vikanyamaza pia. Sufuria ya Nakhumicha iliendelea. Kufikia Oktoba alikuwa amesikia stori zote, mpaka zile za mwaka jana, na hapakuwa na mama Mugutha nzima aliyemjua mtoto wake vile.

Jioni moja sufuria ilisema, "Mungu, mwambie anaweza kunijibu."

Nakhumicha aliutazama mlango. Ulikuwa hatua nne kutoka pale. Akaweka mwiko chini, akainama hadi mvuke ukamlowesha uso, akaiambia sufuria, "Nimesikia, mama. Nimesikia yote."

Sauti ya sufuria huja upande mmoja tu, hairudi. Nje, Maxine alingoja, akasema amina, akajipangusa magoti. Alipoingia, mama yake alikuwa ameshakaa.