Mashine Iliyompitisha Mulenga

Mashine ya masomo ilisema Mulenga anajua kuendesha kreni. Mulenga hakujua. Jumatatu angepanda juu, na mimi ningesimama chini yake.

Kazi yangu ilikuwa kufunga mizigo. Katika kiwanda chetu cha kuyeyusha shaba, kreni ilitembea kwenye reli chini ya paa, na dereva aliketi ndani ya kibanda kule juu. Chini alisimama mtu mmoja. Huyo ndiye aliyefunga vibao vya shaba kwa minyororo, akaitundika kwenye kulabu, kisha akampa dereva ishara za mikono. Dereva akiwa mzuri unamsahau. Akiwa mbaya unamfikiria kila mara kulabu inapokuja. Baba Kunda alinibebea mizigo miaka mingi nami nilikuwa nimemsahau, hadi mwaka 1976 alipopewa pensheni na kiti chake akapewa Mulenga.

Mulenga alikuwa shemeji yangu. Alimwoa dada yangu Simone, wakauza samaki wakavu huko Pweto, biashara ikafa, wakaja na watoto wao kukaa uani kwangu, mtaa wa Kampemba, naye akapata kibarua kiwandani. Dereva wa kreni hupewa nyumba katika kambi ya kampuni. Kwa hiyo kwangu kila mtu alifurahi, isipokuwa mimi.

Zamani dereva mpya alikaa kibandani pamoja na mzee mpaka mzee aseme inatosha. Kisha kampuni ikaleta mashine. Yalikuwa masanduku yaliyopangwa katika chumba kimoja, kila moja na kioo kama cha televisheni, kifaa cha kuvaa masikioni na vitufe vitatu. Picha inatokea, sauti inauliza swali, unabonyeza kushoto, katikati au kulia. Ukipata, taa ya kijani inawaka na picha nyingine inakuja. Ukikosa, inawaka nyekundu.

Masomo yenyewe yalitungwa na kijana aliyesoma mambo ya kufundisha katika chuo kikuu cha Kasapa. Kazini aliitwa sitwayeni Chileshe, yaani raia Chileshe. Jina lake la ubatizo, Liévin, lilikuwa limekatazwa na Chama kilichotawala nchi, kama majina ya ubatizo yetu sote, nasi tulilitumia tulipotaka kumuudhi.

Mwanzoni mashine ilikuwa kali. Ukikosa, ilikuambia sababu, kisha ikakurudisha mwanzo wa somo, na safari hii maswali yalikuja kwa mpangilio mwingine. Wanaume wenye wajukuu walirudishwa kwenye picha ya kwanza, na taa nyekundu ikawaka chumba kizima kikiiona. Tulilalamika. Nililalamika mimi pia, kwa sauti kubwa, na ningelalamika tena leo. Wakubwa hawakutaka kelele, kwa sababu wageni kutoka Kinshasa walikuwa wanakuja kuitazama hiyo mashine. Wakamwamuru Liévin aondoe kule kurudishwa, na maswali yakae kwa mpangilio mmoja. Tangu hapo taa nyekundu ilimaanisha jambo moja tu: bonyeza kitufe kingine.

Halafu ikaja animasyo. Kila idara ya kampuni ilikuwa na kikundi chake cha kuimba na kucheza kukisifu Chama wageni wanapofika. Chetu kiliongozwa na Mulenga. Hilo nitampa: alikuwa na sauti, alikuwa na kiuno, na watu walimfuata. Ngosa, mkuu wa zamu yetu ambaye pia alikuwa mtu wa Chama kiwandani, alimwambia atunge wimbo juu ya mashine mpya. Mulenga akachukua majibu ya somo la kreni, swali la kwanza hadi la mwisho, akayafanya wimbo wa kucheza, kila kitufe na mkao wake wa mikono. Mkono wa kushoto nje, mikono miwili tumboni, mikono miwili tumboni, mkono wa kulia nje, kisha kiitikio cha kulishukuru Chama. Haikupita muda wanawake wa soko la Kampemba wakawa wanaucheza nyuma ya mafungu yao ya mihogo. Watu waliingia chumba cha mashine na wimbo mdomoni, wakatoka na cheti. Mulenga alipata kijani mfululizo. Kile kifaa cha masikio hakukivaa hata. Alisema kinamharibia nywele.

Nilimwendea Liévin ofisini kwake.

"Sitwayeni Kapya," alisema, macho kwenye meza. "Kama ni malalamiko, mulisha kulalamika ya kutosha."

"Nakuya juu ya Mulenga. Ule muntu hajue kitu."

"Najua."

"Unajua, na unamupandisha?"

"Miye simupandishe. Mashine njo inamupandisha. Mulitaka mashine yenye hairudishe muntu nyuma. Njo ile muko nayo."

"Liévin, usinifundishe."

Alitazama mlango kwanza, kuona kama kuna aliyesikia jina hilo. Kisha akanitazama mimi, na sikuona hofu, niliona chuki tu.

"Nilitengeneza kitu muzuri," alisema. "Muntu anakosa, anaambiwa juu ya nini anakosa, anarudilia. Leo maswali inakuya hivi, kesho inakuya vingine, juu asishike kitufe, ashike kazi. Kiisha kumaliza sanduku, anapanda kule juu na kuonyesha na mikono yake. Bile byote niliandika. Mulilia kama batoto. Taa inatupatisha haya, taa inatupatisha haya."

"Muntu wa umri wangu hawezi kugombezwa na sanduku."

"Basi sanduku inanyamaza. Unataka nini tena?"

"Rudisha maswali vile ilikuwa, kwa Mulenga peke yake. Leo. Aone mwenyewe vile hajue."

"Ni kazi ya dakika," alisema. "Omba Ngosa. Akikubali, nafanya. Bila yeye sigusi kitu. Nami niko na bibi na batoto."

Nilimwambia ana bahati kuna meza kati yetu. Akasema meza ni ya kampuni, naweza kuizunguka nikitaka. Sikuizunguka.

Ngosa nilimkuta uwanjani, amevaa abakosi yake, lile koti la watu wa Chama, akihesabu viti vya wageni. Alinisikiliza bila kuacha kuhesabu.

"Bageni banakuya Ijumaa," alisema. "Idara yote inapita, hakuna hata moja mwenye alianguka. Weye unataka nimuangushe muntu, na ule muntu njo kiongozi wa animasyo?"

"Nataka nibakie na mwili yangu."

"Kama unaogopa, sema tu. Kule mulangoni bantu beko banangoja kazi tangu asubuhi. Moja atasimama pale pako na hataniuliza maswali."

"Baba Kunda alikuwa anakaa na mwenye kumufuata mpaka anajua."

"Baba Kunda eko ku shamba yake. Enda umufuate."

Nilibaki na mtu mmoja wa kuongea naye, naye alikuwa akila bukari yangu kila siku. Jumapili mchana Mulenga alikaa uani kwangu na fulana mpya. Simone alikuwa akisonga ugali wa bukari sufuriani, na vyombo vyake vingine alikwisha kuvifunga kwa ajili ya kuhama.

"Mulenga," nilisema, "muzigo ukianza kuyumba, unafanya nini?"

Aliweka mikono miwili tumboni. Watoto wakacheka, wakafanya vilevile.

"Katikati," alisema.

"Katikati ya nini?"

"Kitufe ya katikati. Bwashemeji, ile swali iko nyepesi."

"Ile picha ya katikati, inaonyesha nini?"

Alifikiri. Niliona wazi kwamba hakuwahi kuitazama.

"Inaonyesha kreni," alisema.

"Kule juu hakuna kitufe. Kuna vyuma ya kushika na mikono, na chini kuna miye."

"Kaka, muache," alisema Simone. "Uko na wivu juu ya nyumba."

"Wivu gani? Miye njo wa kwanza kutaka muhame. Tangu mukuye, sijalala kwa kitanda yangu bila mutoto wenu ndani."

Mulenga alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Ile kiti ulikuwa unaitaka weye," alisema. "Ulikosa juu uliacha masomo mapema. Usikasirikie mwenye kupita."

"Unapita kama samaki ya Pweto anavyopita ndani ya wavu. Hajue anaenda wapi."

Simone alipiga mwiko ukingoni mwa sufuria. Nilimwambia Mulenga neno la mwisho: kesho, kabla ya zamu, nitapanda naye kibandani nimwonyeshe ishara zangu na jinsi Baba Kunda alivyotuliza mzigo.

"Na bantu banione nafundishwa na mufungaji?" alisema. "Niko na cheti."

Hakufika mapema kabla ya zamu. Nilimngoja chini ya ngazi ya kreni mpaka king'ora kikalia, akapita karibu yangu bila kusalimu, akapanda.

Mizigo ya kwanza ilikwenda. Aliendesha polepole, na mahali pasipo na haja ya kusimama ghafla hakuna dereva anayeshindwa. Nikasikia anaimba. Kabla ya saa sita nilimfungia rundo la vibao la kupeleka ukutani, mahali pembamba, shaba nyingine ikiwa imepangwa nyuma yangu. Nikapandisha mkono: simama. Alisimamisha kreni papo hapo. Kreni ikasimama, mzigo haukusimama. Mzigo ukiyumba, dereva huufuata kidogo kwa kreni mpaka uning'inie wima na kutulia, kisha anashusha. Ndicho picha ya katikati ilichoonyesha. Mulenga alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyeogopa angefanya: alivuta kreni nyuma. Mzigo ukaenda mbali zaidi, kisha ukarudi kwangu kwa nguvu zake zote. Nilimpigia kelele ashushe. Nilimwona kupitia kioo cha kibanda, mikono yote miwili imeacha vyuma.

Sikuwa na pa kwenda. Rundo liligonga shaba iliyokuwa nyuma yangu, mnyororo mmoja ukachomoka, na vibao vikaniangukia.

Ijumaa wageni walikuja. Hospitalini niliambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba waliimbiwa ule wimbo wote, ukiongozwa na mtu mwingine. Ngosa aliwaeleza kwamba mfungaji alisimama vibaya. Liévin alikuwa pale, na alipoulizwa alisema mfungaji alisimama vibaya. Wageni walibonyeza vitufe, wakapata kijani, wakapiga makofi.

Shaba haikupotea, iliyeyushwa upya. Mimi nilipoteza mguu wa kulia, walioukata juu ya goti, na nikapoteza kazi, kwa kuwa mtu wa magongo hafungi mizigo. Mulenga alipoteza kiti na nyumba ambayo Simone hakuwahi kuifagia. Kutoka uani kwangu waliondoka yeye, dada yangu na watoto wao, wakarudi Pweto, na Simone hajaniletea habari hata moja tangu siku ile. Liévin alibaki na meza yake. Mashine nazo zilibaki, na Jumatatu iliyofuata zilimpitisha dereva mwingine.