Kivuli Kilichofungiwa Kabatini

Kanuni za darasa la siyansi zilikuwa kumi na moja. Zilipigiliwa ukutani kwa misumari minne, juu kidogo ya kichwa cha mwanafunzi mrefu kuliko wote, ili pasiwe na wa kuzishikashika. Furere Florentin, mtawa wa Kizungu, aliziandika mwenyewe kwa wino mweusi na mwekundu, na siku ya kwanza ya mwaka kila mwanafunzi alizisoma kwa sauti, kisha akatia sahihi yake chini. Ya kwanza ilisema mwanafunzi aingie na miguu iliyooshwa. Ya pili, asiseme Kiswahili mbele ya vyombo. Ya tatu, asiguse chombo chochote, kwa kuwa vyombo vilitoka Ulaya na vilikuwa vimechoka na safari. Ya sita ilisema mwanafunzi ataangalia kwa macho yake mwenyewe, ataandika katika kaye yake alichokiona, na atakiona kama kilivyo katika kitabu. Ya tisa ilisema chombo kitakachotoa jibu la uwongo kitafungiwa kabatini mpaka kijirekebishe.

Zuberi alitia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na sita, ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na alitaka kitu kimoja tu: kuwa muuguzi, avae koti jeupe, achome watu sindano bila kuwaumiza. Shule ya wauguzi ilikuwa Stanleyville, na mlango wake ulifunguliwa kwa pointi sitini kati ya mia katika siyansi. Mama yake, Sharifa, aliyekuwa akiuza vitumbua vya mchele karibu na stesheni, alikuwa amekwisha kumshonea mfuko wa safari.

Somo la kivuli lilikuja mwezi wa tano. Wanafunzi walitakiwa kusimamisha uani kijiti cha meta moja, saa sita kamili, waangalie kivuli chake kinalala upande gani. Kijiti kilikuwepo, cha mbao nyororo, chenye mistari ya kuhesabia, lakini kwa kanuni ya tatu hakikutoka kabatini. Kwa hiyo wanafunzi wakasimama wao badala ya kijiti, thelathini na mmoja, mikono chini, kichwa wazi, na Mwalimu Anaclet, msaidizi wa Furere, akiwanyoosha mabega. Furere hakuwepo. Daktari wa Wazungu alimkataza jua la saa sita, na kwa miaka kumi na miwili aliyokaa katika mji huu wa Kindu alilala kila siku kuanzia saa sita mpaka saa nane. Yeye na kivuli chake cha adhuhuri hawakuwahi kukutana.

Vivuli thelathini na kimoja vililala kusini, upande wa Kasongo, vifupi, hatua moja hivi. Kitabu kilichapwa Ulaya, nacho kilisema kwamba saa sita kivuli hulala kaskazini, yaani upande wa Stanleyville, kule maji ya mto yanakoteremkia.

"Munaona nini?" akauliza Mwalimu Anaclet.

"Ukurasa wa arobaini na mbili, Mwalimu," akajibu Onema.

"Vizuri. Muandike."

Wakaandika kaskazini. Zuberi akaandika kusini. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Baba yake, mzee Masudi, alikuwa muadhini, na katika ua wa msikiti alikuwa amesimika mti wake wa kupimia saa za sala. Tangu Zuberi akiwa na miaka mitano alikuwa akitumwa kwenda kuutazama, kama wengine wanavyotumwa chumvi. Upande wa kivuli aliujua kama alivyojua mlango wa kwao unatazama wapi.

Onema, aliyekaa naye benchi moja, akachungulia kaye yake. "Weye, futa. Kivuli si ya baba yako."

"Angalia miguu yako basi. Iko wapi?"

"Miguu yangu inatafuta cheti," Onema akasema. "Kivuli itajijua yenyewe."

Saa nane Furere aliamka, akanawa uso, akasoma kaye zote. Zuberi hakupigwa. Furere alikuwa mtu wa haki na kanuni alizifuata kama zilivyoandikwa. Alieleza kwamba jicho la mwanafunzi halikuwa na kosa, maana liliandika lilichoonyeshwa. Aliyesema uwongo ni chombo, na chombo siku ile kilikuwa kivuli. Akamsimamisha Zuberi mlangoni, jua likiingia. Mwalimu Anaclet akainama, akakikamata kivuli mabegani, akakibandua visiginoni taratibu, akakikunja mara nne kama shuka la hospitali, akakiweka kwenye rafu ya pili kati ya chupa ya nyoka na kipimajoto. Zuberi akapewa sifuri. Ufunguo ukazungushwa mara mbili.

Mama yake alikuwa akigeuza vitumbua alipomwona anakuja.

"Kivuli chako kiko wapi?"

"Kimebaki shuleni, mama. Kimepewa adhabu."

"Kimefanya nini?"

"Kimelala upande wa Kasongo."

"Mwezi wa tano kilale wapi kwingine?" Akamgeuza, akamtazama visigino kimoja kimoja. "Hapakutoka damu?"

"Hapana."

"Basi kula."

Kesho yake mzee Masudi alivaa kanzu ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akaenda shuleni. Furere alimpokea barazani, akampa kiti.

"Furere, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa kinalala Kasongo," mzee akasema. "Miezi mingine kinalala Stanleyville. Na siku mbili kwa mwaka hakilali popote, kinakaa chini ya kisigino. Miaka thelathini ninatazama."

"Umesoma hayo katika kitabu gani, mzee?"

"Uani."

Furere akasikitika kwa kweli. Alimweleza kwamba ua ule haujapitishwa na inspekta.

"Basi toka leo saa sita, ujionee."

"Saa sita ninalala," Furere akasema. "Lakini Mwalimu Anaclet huwa yuko pale. Tumuulize."

Mwalimu Anaclet alikuwa na mke, watoto watano, na baiskeli aliyoipata kwa ruhusa ya Furere. Alifungua kitabu ukurasa wa arobaini na mbili, akautazama muda mrefu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Kaskazini, Furere," akasema.

Jumatatu iliyofuata vivuli vya wale wanafunzi thelathini vilianza kulala upande wa Stanleyville. Saa sita mchana mjini ungeweza kumtambua msomi kwa mbali: watu wote, mbuzi na mapipa ya mawese vivuli vyao huku, na chake peke yake kule. Akina mama walifurahi, wengine wakawaleta watoto wao wadogo waone. Mzee Masudi aliomba tu wasisimame karibu na mti wake. Kivuli cha Mwalimu Anaclet kiligeukageuka huku na huku kama kuku asiyejua atage wapi. Zuberi naye hakupata taabu kubwa. Wauza vitenge sokoni walimpenda kwa sababu alipoinamia bidhaa hakuwazibia mwanga.

Kabatini kivuli kilisomeshwa. Kila alasiri Furere alifungua mlango, akakisomea ukurasa wa arobaini na mbili, kisha kurasa nyingine. Alisema mwenyewe kwamba hajawahi kupata mwanafunzi kama yule. Hakikuuliza. Hakikugusa kitu. Hakikuwa na miguu ya kuosha. Mwezi wa sita ulipoingia kilikuwa kinasimama peke yake na kujibu kwa Kifaransa, kikimaliza kila jibu kwa kikohozi kidogo, kama Furere.

Mtihani ulifanywa mwisho wa mwezi huo. Swali la tano lilikuwa la kivuli, nalo lilibeba pointi arobaini na tano, kwa kuwa Furere aliliona ndilo msingi wa siyansi. Mwalimu Anaclet alipita kati ya mabenchi, akasimama nyuma ya Zuberi.

"Mutoto wa Masudi," akanong'ona, "ni neno moja tu. Andika, uende zako ukatibu watu. Mungu ataelewa."

Zuberi alifikiri habari ya koti jeupe. Alilifikiri mpaka wino ukakauka kwenye kalamu, akaichovya tena. Kisha akaandika kusini.

Alipata hamsini na tano. Kivuli, kilichokalishwa benchi la nyuma, kilipata tisini na sita. Nne zilipotea kwa sababu wino wake ulikuwa mwepesi. Kwenye cheti paliandikwa Zéphyrin, jina ambalo Furere alimwandikisha Zuberi nalo siku alipokuja shuleni, na ambalo Zuberi alisahau kuliitikia mara nyingi. Kivuli kiliitika mara ya kwanza.

"Usihuzunike," Furere akamwambia Zuberi, akimshika bega. "Ni wewe uliyefaulu. Sehemu yako iliyo bora."

Mwezi wa nane kivuli kilipanda meli ya Stanleyville na ule mfuko wa safari. Sharifa alikisindikiza mpaka bandarini, akakiambia kijifunike usiku, mtoni kuna baridi. Zuberi alikuwa hapo hapo, akipakia magunia ya mchele katika meli ile ile. Nyapara alimpenda mapema. "Wengine wananitafutia kivuli wapumzike," alisema. "Huyu hana hata chake."

Miaka miwili ikapita. Kivuli kilirudi Kindu na koti jeupe na viatu, kikapewa meza katika hospitali, na foleni yake ikawa ndefu. Siku moja Sharifa alishikwa na homa, akaenda huko asubuhi. Aliporudi, Zuberi alikuwa nyumbani anakula, bega lake limevimba kwa magunia.

"Kimekusalimia?"

"Kimeniuliza jina."

"Ukasema?"

"Nikasema. Kikaandika, mwandiko mzuri." Sharifa akakaa mkekani, akasugua mkono wake. "Kina mkono mwepesi. Sindano sikuisikia."

Zuberi akaacha kula. "Kimekuchoma wapi?"

Mama akakunja mkono wa gauni, akamwonyesha. Zuberi akanawa, akapabonyeza kwa kidole gumba, polepole, pembeni pembeni, akitafuta uvimbe. Hapakuwa na uvimbe.

"Ndiyo, ni hapo," akasema. "Hapo njo pa kuchoma."

Akamshusha mama yake mkono wa gauni, akachukua gunia tupu la kuweka begani, akarudi bandarini. Meli ilitakiwa ijae kabla ya jioni.